Kubadilisha diski inayokufa kwenye seva yenye diski pacha

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, ofisi ndogo za vyama vya msingi huku Newala, Tandahimba na upande wa Lindi hubeba hesabu za wakulima wengi kwenye kompyuta moja tu: kilo zilizopimwa, stakabadhi za ghalani, makato na malipo ya kila mnada. Nyingi kati ya kompyuta ambazo nimepewa kuzitunza zina diski mbili zilizofungwa kama pacha, yaani kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza huandikwa papo hapo kwenye ya pili, ili moja ikifa kazi isisimame. Mpangilio huu huitwa RAID 1, na jina hilo la RAID lilienea kutokana na andiko la mwaka 1988 la Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Mwongozo huu ni wa siku ambayo moja ya diski hizo inaanza kufa. Mfano wangu ni seva ya Linux, ya Debian au Ubuntu, inayotumia mdadm, programu inayosimamia diski pacha, yenye jozi inayoitwa /dev/md0 iliyoundwa na patisheni (sehemu zilizogawanywa za diski) sda2 na sdb2, huku patisheni ndogo za sda1 na sdb1 zikiwa za kuwashia mashine. Amri zote zinahitaji mamlaka ya msimamizi. Kabla ya amri ya kwanza nasisitiza jambo hili: siku hiyo diski ya kulindwa ni ile nzima, kwa kuwa ndiyo pekee inayoaminika kubeba kila kitu, na hasara zote kubwa nilizoziona katika kazi hii zilitokana na mtu kuigusa ile nzima bila kujua.

Nakala kabla ya bisibisi

Diski pacha si nakala rudufu. Karani akifuta faili kwa bahati mbaya, limefutika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kunakili data zote kwenye diski ya nje, kisha kuichomoa na kuiweka mbali na mashine:

rsync -a /srv/hesabu/ /mnt/nakala/

Kama hesabu zimo ndani ya hifadhidata, usinakili mafaili yake huku inafanya kazi. Tumia amri ya hifadhidata yenyewe ya kutoa nakala. Ukimaliza, fungua faili moja la wiki iliyopita kutoka kwenye nakala hiyo, ulisome kwa macho yako. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa siihesabu kuwa nakala.

Kujua kama diski inakufa kweli

Anza na hali ya jozi:

cat /proc/mdstat

Ukiona [UU], mfumo bado unazikubali diski zote mbili. Ukiona [U_] au [_U], moja imeshatolewa kazini, na pembeni ya jina la patisheni yake huenda pakawa na alama ya (F). Hata hivyo, [UU] haimaanishi kwamba diski zote ni nzima. Diski inaweza kuwa inaharibika polepole kwa wiki kadhaa kabla mfumo haujaikataa, na hapo ndipo ushahidi wa diski yenyewe unapohitajika, nao husomwa kwa programu ya smartctl:

smartctl -a /dev/sda
smartctl -a /dev/sdb

Soma diski zote mbili, wala usiishie kwenye ile unayoishuku. Katika jedwali refu litakalotokea, mimi huangalia mistari minne. Namba 5, Reallocated_Sector_Ct, huhesabu sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zilizoharibika ambazo diski imezibadilisha kwa sekta za akiba. Namba 197, Current_Pending_Sector, huhesabu sekta ambazo imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuziamua, na namba 198, Offline_Uncorrectable, zile zilizoshindikana wakati wa ukaguzi. Tazama safu ya mwisho ya jedwali, yenye thamani ghafi. Mstari wa 5 ukiwa na sekta chache zisizoongezeka kwa miezi, diski yaweza kuendelea huku ikiangaliwa. Lakini mstari wa 197 ukipanda kati ya leo na kesho, agiza diski mpya leo hii.

Mstari wa nne ni namba 199, UDMA_CRC_Error_Count, na huku pwani una uzito wake. Huo huhesabu makosa yaliyotokea data ikiwa njiani kati ya diski na ubao mama, kwa hiyo ukipanda peke yake huku mingine mitatu ikiwa sifuri, mshukiwa wa kwanza ni kebo. Katika nyumba zilizo karibu na bahari, kuanzia Shangani hapa Mtwara hadi ufukweni mwa Lindi, hewa ya chumvi huingia kila mahali. Nimewahi kuchomoa kebo ya diski iliyokuwa imeshahukumiwa kufa, nikakuta kingo za viunganishi zimeanza kushika rangi ya kijani. Tuliweka kebo mpya na hesabu ya makosa ikasimama pale pale. Namba hiyo hairudi sifuri hata tatizo likiisha, kwa hiyo iandike kwenye daftari ili ujue baadaye kama imeongezeka.

Hapa ndipo mara nyingi mwenye ofisi huuliza swali la haki. Mhasibu mmoja aliniambia, “Fundi, mashine inafanya kazi, malipo ya wakulima yanatoka kesho, kwa nini usiiache mpaka msimu uishe?” Nilimjibu kwamba msimu ndio wakati diski inapoandikwa na kusomwa kuliko wakati wowote, na kwamba diski iliyobaki ilinunuliwa siku moja na hii inayokufa, ikatoka kwenye boksi moja na imefanya kazi saa zile zile. Pacha zilizozeeka pamoja huweza kuugua pamoja. Alinipa jioni ile ile, baada ya saa za kazi, na ndio wakati ninaoupendekeza kwa kazi hii.

Kuitambua diski kwa namba yake

Majina sda na sdb hutolewa na mfumo kila mashine inapowashwa, na yanaweza kubadilishana. Hayakuambii ni diski ipi iko juu na ipi iko chini ndani ya boksi. Kinachoitambulisha diski bila utata ni namba yake ya kiwandani, ile iliyochapwa kwenye lebo:

ls -l /dev/disk/by-id/

Orodha itaonyesha aina na namba ya kila diski pamoja na jina ambalo imepewa sasa. Andika kwenye karatasi namba ya diski mbovu na namba ya diski nzima, kila moja kwa herufi kubwa, na neno MBOVU au NZIMA mbele yake. Karatasi hiyo uishike mkononi mpaka kazi iishe.

Naeleza sababu ya kusisitiza hivyo. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja mjini Lindi, nilizima seva, nikachomoa diski ya chini nikiamini kwamba ya juu ndiyo sda, iliyokuwa nzima, kisha nikaiwasha ili watu waendelee na kazi huku nikisubiri diski mpya. Nilikuwa nimechomoa ile nzima. Seva iliwaka vizuri kwa kutumia diski mbovu peke yake, na makarani waliingiza kumbukumbu kwa nusu siku. Nilipogundua, kuirudisha ile nzima hakukutosha, kwa sababu sasa ilikuwa imepitwa na wakati: kumbukumbu mpya zilikuwa kwenye diski mbovu tu, na kwa mfumo, diski mbovu ndiyo iliyokuwa chanzo cha ukweli na ile nzima ndiyo ya kuandikwa upya. Nilitumia siku nzima kuzinakili zile kumbukumbu faili kwa faili kutoka kwenye diski iliyokuwa inakwama kila baada ya dakika chache. Zilipatikana zote, lakini zingeweza kupotea, na kilichokosekana ni kusoma lebo kwa tochi kwa nusu dakika.

Diski mpya na safari yake

Diski mpya iwe na ukubwa sawa na ya zamani au zaidi. Ikipungua hata kidogo patisheni haitatosha. Hakikisha pia ukubwa wa sekta ya kimantiki unalingana, 512 kwa 512 au 4096 kwa 4096, na hilo utaliona kwenye mistari ya mwanzo ya majibu ya smartctl -a. Ukiweza kuchagua, epuka diski za teknolojia ya SMR, ambazo mistari yake ya data imelaliana kama makuti ya paa: kubadilisha mstari mmoja hulazimu kuandika upya na ile iliyolala juu yake, na diski hupunguza kasi mno inapoandikwa kwa muda mrefu. Omba ya CMR, ambayo mistari yake haijalaliana. Na ikiwezekana isiwe ya kundi moja na ile iliyobaki.

Mara nyingi diski hutoka Dar es Salaam, na huja kwa basi zaidi ya kilomita 550, ikivuka Daraja la Mkapa pale Rufiji na kupita Nangurukuru. Nani alivyoipanga ndani ya buti la basi hujui. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara kukatika maeneo ya Somanga, mizigo kama hii ilikwama kabisa, na tangu hapo nashauri kila ofisi yenye seva iwe na diski moja ya akiba kabatini kabla msimu haujaanza, ndani ya mfuko wake uliofungwa.

Ikifika, usiitie kazini siku hiyo hiyo bila kuipima. Iunganishe na kompyuta nyingine, uangalie jina lake huko, kisha uendeshe ukaguzi mrefu, ukiweka jina hilo mahali pa sdX:

smartctl -t long /dev/sdX

Kwa diski ya terabaiti 2 ukaguzi huu huchukua saa kadhaa, na matokeo huonekana kwa smartctl -a. Ikitoka na kosa hata moja, irudishe dukani. Kama diski iliwahi kutumika mahali pengine, ifute alama za zamani kwa wipefs -a ikiwa bado kwenye kompyuta hiyo nyingine, mbali na seva.

Kuweka mpya kabla ya kutoa ya zamani

Kama diski mbovu bado inasomeka na ubao mama una tundu la tatu la SATA, yaani la kuunganishia kebo ya diski, usiitoe kwanza. Zima seva kwa utaratibu, funga diski mpya kwenye tundu lililo wazi, kisha washa. Kwa njia hii jozi haibaki na diski moja hata kwa dakika, na mfumo ukikuta sekta isiyosomeka kwenye ile nzima, unaweza kuichukua kutoka kwa ile mbovu. Diski mbili zilizoharibika mahali tofauti bado hukamilishana. Sipendi kuifunga diski mpya kwa boksi la USB katika hatua hii, kwa sababu baadhi ya maboksi hayo hubadilisha namna sekta zinavyoonekana, na utakapoihamishia ndani jedwali lake la patisheni huenda lisitambulike.

Baada ya kuwasha, rudia ls -l /dev/disk/by-id/ na ulinganishe na karatasi. Katika mfano huu sda ni nzima, sdb ni mbovu, sdc ni mpya. Kwako herufi zinaweza kuwa nyingine. Sasa hamisha mpangilio wa patisheni. Ipo amri moja inayonakili jedwali moja kwa moja kutoka diski hadi diski, lakini mtu akipindua mpangilio wa majina, diski tupu huandikwa juu ya diski nzima. Mimi hupitia kwenye faili:

sgdisk --backup=/root/jedwali-sda.bin /dev/sda
sgdisk --load-backup=/root/jedwali-sda.bin /dev/sdc
sgdisk --randomize-guids /dev/sdc

Amri ya kwanza husoma tu, kwa hiyo haiwezi kudhuru. Ya pili ndiyo inayoandika: kabla ya kubonyeza, soma herufi ya mwisho kwa sauti na uilinganishe na karatasi. Ya tatu huipa diski mpya utambulisho wake ili isigongane na ile iliyonakiliwa. Kisha:

mdadm /dev/md0 --add /dev/sdc2
mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdb2 --with /dev/sdc2

Kama diski mbovu imeshakufa kabisa, au hakuna tundu la tatu, hutakuwa na njia hii. Itangaze kuwa mbovu na uitoe kwanza kwenye jozi:

mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdb2
mdadm /dev/md0 --remove /dev/sdb2

Zima mashine, fungua boksi, toa skrubu za diski moja tu, ivute nje mpaka lebo ionekane, na usome namba herufi kwa herufi ukilinganisha na karatasi. Herufi B na tarakimu 8 hufanana chini ya vumbi. Ifute kwa kitambaa. Ikilingana na MBOVU, ichomoe na uweke mpya mahali pake. Isipolingana, irudishe kama ilivyokuwa. Ukishawasha, angalia majina upya, nakili jedwali kama hapo juu, na utumie --add peke yake. Kunakili kutaanza kwenyewe.

Saa za kusubiri

Fuatilia kazi kwa:

watch -n 30 cat /proc/mdstat

Utaona asilimia, kasi na makadirio ya muda. Kwa wastani wa megabaiti 120 kwa sekunde, terabaiti 2 huhitaji takriban muda wa saa nne na nusu. Watu wakiendelea kutumia seva, muda huongezeka. Kasi hupungua kadiri kazi inavyosonga, kwa sababu sehemu za ndani za sahani ya diski husomwa polepole kuliko za nje, kwa hiyo usiogope. Mfumo una kikomo cha chini cha kasi ambacho kwa kawaida ni kilobaiti 1,000 kwa sekunde, na usiku ofisi ikiwa tupu waweza kukipandisha:

sysctl -w dev.raid.speed_limit_min=50000

Hizi ndizo saa ambazo diski nzima inasomwa mwanzo hadi mwisho, pengine kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe. Ielekezee feni, hasa miezi ya joto, na usome joto lake kwenye mstari wa 194 wa smartctl kila baada ya muda. Mimi nikiona linakaribia nyuzi 50 hupunguza kasi kwa kushusha speed_limit_max.

Umeme nao haungoji. UPS ndogo ya ofisini, yaani betri ya akiba, hushikilia mashine kwa dakika chache, na hizo ni za kuzima kwa utaratibu tu, si za kuendelea na kazi. Ukizima hivyo, kunakili kutaendelea kutoka karibu na pale kulipoishia utakapowasha. Umeme ukikatika ghafla huenda kukarudia sehemu kubwa. Kwa hiyo toa printa na feni za watu kwenye UPS hiyo kwa usiku huo, ili betri yote ibaki kwa seva.

Kuhakikisha seva inaweza kuwaka kwa diski mpya

Hatua hii husahaulika kuliko zote, kwa sababu kila kitu huonekana kimekamilika: [UU] imerudi, makarani wamerudi kazini. Lakini mdadm imenakili md0 tu. Patisheni ya kuwashia mashine haimo kwenye jozi, na siku diski ile nzima itakapokufa, seva itabaki na data zote bila uwezo wa kuwaka. Kwa mashine za zamani, zinazowaka kwa BIOS:

grub-install /dev/sdc

Kwa mashine mpya zaidi, zinazowaka kwa UEFI, shusha kwanza /boot/efi kwa umount, kisha nakili patisheni ndogo kama ilivyo, ukikumbuka kwamba if= ni panaposomwa na of= ni panapoandikwa:

dd if=/dev/sda1 of=/dev/sdc1 bs=1M

Rudisha /boot/efi kwa mount, kisha ongeza diski mpya kwenye orodha ya kuwashia kwa efibootmgr au ndani ya mipangilio ya mashine. Kulijaribu hili, usichomoe diski nzima, maana utaziachanisha zile pacha upya. Ziache zote mbili mahali pake, washa mashine, ingia kwenye menyu ya kuwashia na uchague diski mpya. Ikiwaka, imepita.

Kama ulitumia --replace, mfumo wenyewe umeshaitangaza sdb2 kuwa mbovu kunakili kulipokwisha. Itoe kwa --remove, zima mashine, na uichomoe diski ya zamani kwa kusoma lebo, kama ilivyoelezwa.

Ukaguzi wa jozi mpya

Siku inayofuata, linganisha diski zote mbili sekta kwa sekta:

echo check > /sys/block/md0/md/sync_action
cat /sys/block/md0/md/mismatch_cnt

Amri ya pili isomwe baada ya ukaguzi kwisha, na jibu linalotakiwa ni sifuri, ingawa sehemu ya kubadilishana kumbukumbu (swap) ikiwa juu ya RAID 1 yaweza kuleta namba ndogo bila kasoro yoyote. Debian na Ubuntu kwa kawaida hupanga ukaguzi huu wenyewe kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na hapa nimekuta pengo katika ofisi nyingi: seva huzimwa Ijumaa jioni na kuwashwa Jumatatu, kwa hiyo ukaguzi haufanyiki mwaka mzima na diski huharibika kimya kimya. Ama iacheni seva ikiwaka Jumapili hiyo, ama panga ukaguzi katikati ya wiki usiku.

Weka pia barua pepe ya mtu anayezisoma kweli kwenye mstari wa MAILADDR ndani ya /etc/mdadm/mdadm.conf, na utume ujumbe wa majaribio:

mdadm --monitor --scan --oneshot --test

Ujumbe usipofika, lishughulikie leo.

Diski iliyotolewa

Diski mbovu bado ina majina ya wakulima, namba za akaunti zao za benki na kiasi alicholipwa kila mmoja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inailazimu ofisi kuzilinda. Isitupwe jalalani wala kuuzwa kama chuma chakavu ikiwa haijafutwa wala kutobolewa. Iweke kabatini, chini ya kufuli, kwa wiki mbili mpaka jozi mpya ithibitike. Baada ya hapo, kama bado inaandikika, ipeleke kwenye kompyuta nyingine isiyo na data, linganisha namba ya lebo na karatasi kwa mara ya mwisho, na uifute yote:

shred -v -n 1 /dev/sdX

Kama haiandikiki, toboa kwa drili matundu matatu yanayopita kwenye sahani zake, ukiwa umevaa miwani, kwa kuwa baadhi ya sahani ni za kioo na huvunjika vipande vipande. Andika namba ya diski na tarehe kwenye daftari la mali za ofisi, mhasibu atie sahihi, kisha chukua utepe wa karatasi, andika namba za diski mbili zilizomo sasa na tundu la kila moja, na uubandike ndani ya kifuniko cha seva, mahali ambapo fundi atakayefungua baada yako atauona kabla ya kushika kebo yoyote.